Kiti cha Hewa

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tano nikiwa na kaptula moja, na leo ukiingia Kikula, hapa Likasi, ukauliza duka la vipuri la Mukendi, hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha. Nina malori matatu. Nina nyumba ya ghorofa ambayo niliichora mwenyewe kwa makaa juu ya kipande cha mbao, na fundi akajenga hivyo hivyo. Nimekula meza moja na wakubwa wa serikali, nimekula na wachimbaji ndani ya shimo, na nimeona mtu akiuza mlima usio wake na akapata mnunuzi. Kwa hiyo usinisimulie jambo ukingoja niache mdomo wazi. Lakini iko harufu moja ambayo hata leo ikinipata ghafla barabarani nafunga kioo cha gari, nikiwa na suti yangu na umri wangu wote. Ni harufu ya asubuhi ya kiangazi kule Shituru, mtaa wetu wa kiwanda cha shaba: makaa yanayoanza kushika moto katika kila ua, karatasi na mafuta ya taa, na chini yake ule moshi wa kiwanda ambao baridi iliukataza kupanda. Ulikaa juu ya mabati yetu kama blanketi lililolowa. Ulikuwa na ladha pia. Ukilamba betri ya redio utaijua.

Tulikaa katika nyumba ya kampuni, moja katika mstari wa nyumba zinazofanana kama matofali. Babu yangu aliletwa na treni kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, baba akazaliwa hapo na akawa fundi wa mabomba palepale kiwandani, na mimi kifungua mimba nilitarajiwa kufuata njia hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Ntumba alikuwa na sita, na kifua chake kilikuwa kinalia. Sina neno bora zaidi. Kililia kama mlango usio na mafuta unaofunguliwa polepole na mtu asiyetaka kusikika. Tulilala kitanda kimoja, nami nilizoea kusinzia kwa sauti hiyo. Ikinyamaza ndipo niliamka. Mwanzoni mwa kiangazi kile alishikwa vibaya mpaka akalazwa, na daktari wa hospitali akamwambia baba mbele yetu, bila kupunguza neno, kwamba dawa zipo lakini moshi unazishinda. Mtoto akifika kwenye mvua, hewa itasafishwa na atapona kwa mwaka ule. Akishikwa tena na tena kabla ya mvua, yeye daktari haahidi kitu. Baba alivaa kofia yake akaenda kazini. Mama alibaki amesimama pale ukumbini kama mtu aliyesahau mlango uko upande gani.

Aliyempa mama wazo ni masela mzee wa zahanati. Masela ndivyo tunavyowaita masista, na huyu aliitwa Gertrudi, mwanamke mrefu mwenye miguu mikubwa, Mjerumani peke yake katikati ya wenzake. Juu ya meza yake palikuwa na picha ya mji aliozaliwa: barabara moja, madirisha yenye maua, mabenchi, na nyuma yake kilima cheusi kwa miti. Alituambia mji wenyewe ni mdogo, ungetosha kati ya stesheni yetu na soko la Kikula. Hauna shaba, hauna kiwanda. Una hewa. Watu wa serikali yao huja na vyombo wanaipima hewa ile mwaka mzima, na wakiridhika wanaupa mji cheti, na mji unaandika kwenye kibao chake cha kuingilia kwamba hapa ni mahali pa kuponea. Madaktari wa miji mikubwa wanawatuma wagonjwa huko kama unavyomtuma mtu dukani. Anaandikiwa atembee njia ipi, apande kilima kipi, na saa ngapi alale barazani kwenye kiti kirefu, amefungwa mablanketi kama mtoto mchanga, hata theluji ikiwa inaanguka, bila kusema neno. Mchana ni marufuku mtu kupiga zulia au kugonga nyundo. Mimi nilidhani masela amezeeka. Lakini mama alikuwa anauza vitumbua sokoni, na nilimwona anasikiliza vile alivyosikiliza mtu akimtajia bei ya unga.

“Na ile hewa yabo, masela,” akauliza, “huku kwetu inafanana na ya fasi gani?”

Fasi kwetu ni mahali. Masela akasema labda hapa hapa Shituru, alfajiri, kabla ya watu kuwasha makaa, ikiwa upepo uko upande mwema. Akasema dawa za daktari ziendelee vilevile. Kisha akafungua kabati, akatupatia mashuka mawili meupe ya zahanati na blanketi, akamwonyesha mama jinsi ya kumfunga mtoto mikono ikiwa ndani.

Sasa wewe msomaji wa mbali itabidi nikueleze kitu ambacho mtu wa Likasi ameshakiona. Mama aliamka kabla ya king'ora cha kwanza. Alitoa kitanda nje mbele ya nyumba. Kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba alitoa kwanza viti na meza, akaviacha uani. Mbabula yetu, lile jiko la makaa, hakuiwasha. Redio aliizima. Alimfunga Ntumba katika yale mashuka meupe mpaka kidevuni, akamlaza, akamwambia afumbe macho. Halafu yeye mwenyewe akatandika mkeka chini, akajifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya baridi, akaketi amenyoosha miguu, kimya kabisa. Baba alikuwa zamu ya usiku, hajarudi. Mimi nilikuwa nimejikunyata kizingitini. Vyombo vya nyumba nje, jiko baridi, mama chini kwenye mkeka, mtoto katika nguo nyeupe. Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kuambiwa maana ya mambo hayo: ni matanga.

Mama Kabedi, jirani wa ua wa pili, alitoka kumwaga maji. Aliona. Beseni likamtoka, akaweka mikono yote miwili kichwani, na kilio alichokitoa nadhani kilisikika mpaka stesheni. Kabla mama hajasimama, wanawake wanne walikuwa wameshaanguka kwenye mkeka wake wakimkumbatia. Wengine walikuja na kuni. Wanaume wakaanza kupanga mabenchi. Mtu akatumwa mbio kiwandani kumwita baba.

“Hayakufwa,” mama alikuwa anasema. “Iko nalala tu.”

“Njo vile, mama,” mwanamke mmoja akamkubalia huku anamfuta machozi. “Shiye bote tutalala.”

Mama alipojaribu kuinuka walimshika mabega wakijua huzuni imempanda kichwani. Mimi nilipiga kelele kwamba anapumua, na mzee mmoja akanivuta kifuani kwake akanifunika uso na koti. Ndani ya koti lile lililonuka tumbaku nilianza kuamini. Nasema kweli. Nilijiuliza kama sauti ya mlango ilinyamaza nami sikuamka. Ndipo nikasikia kimya, na katika kimya kile sauti ndogo yenye usingizi ikiuliza, “Mama, nani alikufwa?”

Walikimbia. Wakubwa wenye heshima zao, waimbaji wa kanisa, walikimbia, na Mama Kabedi aliacha kiatu. Mlangoni mwa ua walikutana na baba anayeingia na kofia yake ya kazi mkononi, uso umelowa, na nyuma yake Ilunga, seremala wa karakana ya kiwanda, ambaye alikuwa amebeba mbao begani na mita mfukoni kwa kazi ya sanduku la kuzikia. Ntumba alikuwa ameketi kitandani anakohoa. Baba alimtazama, akamtazama mama, na sikuona furaha usoni mwake hata kidogo. Mwanamume aliyelia mbele ya wenzake wa kazi kwa ajili ya mtoto mzima hajui aweke wapi uso wake.

Asubuhi ile ile baba mkubwa Kazadi, kaka yake baba, alifika na fimbo. Hakuketi. Alisema mambo ya wazungu yabaki kwa wazungu. “Mutoto balishamulilia angali muzima,” akasema. “Balishamuonyesha njia. Na weye unataka kumulalisha tena inje?”

“Njia aliiona,” mama akasema, “na alirudia kwetu.”

Baba mkubwa alitaka Ntumba afungiwe ndani, madirisha yazibwe, watu wa kikundi cha maombi waje. Mama hakubishana zaidi. Aligeuka akamtazama Ilunga, ambaye alikuwa bado amesimama karibu na mbao zake hajui kama aondoke nazo.

“Papa Ilunga, ile mbao usiirudishe. Unitengenezeeko kiti.”

“Kiti ya namna gani, mama?”

“Ya kulala bila kulala. Mutu apite, aone kama mutoto iko muzima.”

Baba mkubwa akauliza kama ni kweli mtoto atalazwa juu ya mbao za sanduku lake. Ilunga alikuna shingo. “Mbao haijue kama ni ya nani,” akasema, akatoa msumeno. Wote tukamgeukia baba. Baba alisema bila kumtazama mtu: “Utafanya mpaka mvua. Mutoto akikufwa mu kile kiti, utapanda treni ya Kasai pamoja nacho.” Katika ukoo wetu huo haukuwa mzaha, ilikuwa talaka. Mama alikubali kwa kichwa, kama anayekubali bei.

Ndivyo kiangazi chetu kilivyokuwa. Kila alfajiri Ntumba alitolewa na kulazwa kwenye kiti kirefu chenye mgongo uliolala, uso juu, akitoa mvuke mdomoni kama birika, na mama kando yake akisikiliza. Kazi yangu ilikuwa moshi. Nilipita ua kwa ua nikiwaomba wanawake wa upande unakotoka upepo wachelewe kuwasha makaa, mpaka jua liguse ukuta wa shule. Usidhani ni kazi ya mtoto. Biashara yote ninayoijua nilijifunza pale, kumwomba mtu kitu ambacho hakina faida kwake na kutoondoka mpaka akubali. Mama aliwapa vitumbua. Yeye ambaye siku zote alikaanga asubuhi kwa watu wanaoenda kazini, sasa alikaanga jioni, na badala ya kuviuza aliwagawia wale waliokubali. Wengi walikubali. Mama Kabedi alikataa. Alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, na hasira ya kiatu chake haikuwa imetoka. “Bwana yangu anaingia ku kazi saa kumi na mbili,” akaniambia. “Atakunywa hewa?” Basi kila siku tuliangalia moshi wake. Ukienda kulia, mama alishusha mabega. Ukija kwetu, tulihamisha kiti nyuma ya nyumba, halafu kando, halafu tulikosa mahali, na ile sauti ya mlango ikaanza. Wavulana wa barabara walinipigia kelele shuleni: “Mukendi, hewa ya leo iko na chumvi?” Nilipigana nao wote. Mmoja ni dereva wangu leo, bado ana alama.

Mwishoni mwa kiangazi joto lilikuja kabla ya mvua. Hewa ilisimama. Moshi wa kiwanda, wa makaa na wa nyasi zinazochomwa vilimani ulikusanyika juu yetu, na mchana jua lilikuwa jekundu mpaka uliweza kulitazama. Ntumba alishikwa saa za adhuhuri. Hakulia, hakukohoa. Alishika mbao za kiti kwa mikono yote miwili na kuinua mabega kila pumzi kama anayepanda ngazi, na midomo yake ikawa rangi ya zambarau. Baba mkubwa alifika na wanawake wawili wa maombi, maana habari kwetu hazihitaji redio. Walitaka aingizwe ndani. “Baridi njo ilimuharibu,” akasema. “Umwachie.” Mama alikuwa amelala nusu mwili juu ya kiti, mikono imeshika miguu ya kiti, na wanawake wale wakavuta, naye akashikilia, na mtoto katikati anatazama juu. Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia mbao tu zikilia. Nilijua kama wangemwingiza na akafa, wangesema ni kiti. Kama angebaki nje na akafa, wangesema ni kiti.

Baba aliingia kutoka zamu. Ilunga alikuwa naye, walitoka pamoja. Baba alisimama na viatu vyake vya kazi, akasikiliza kile kifua. Halafu akamwambia Ilunga, “Shika kule.” Yeye akashika upande wa kichwa. Mama akaachia. Waliinua kiti na mtoto ndani yake.

“Munaenda naye wapi?” baba mkubwa akauliza.

“Fasi moshi haifike.”

Baba aliniambia nikimbie kwa masela, nimwambie barabara ya Kamatanda, inayopanda kilima. Nilikimbia hivi kwamba hata leo sijui nilipita wapi. Masela alichukua mkoba wa sindano akawasha gari lake dogo. Tuliwakuta wameshaacha nyumba za mwisho wanapanda mlima, baba mbele, Ilunga nyuma, mama kando ameshika mkono wa mtoto, na nyuma yao barabara nzima ya Shituru, hata baba mkubwa na fimbo yake. Shuka jeupe lilikuwa linaning'inia. Waendesha baiskeli waliokuwa wanateremka walishuka, wakavua kofia, wakasimama pembeni kwa heshima, na baba alikuwa anamwambia kila mmoja kwa sauti ya chini, bila kusimama, “Hayakufwa. Mupite.” Masela alimdunga sindano barabarani. Kisha akamwambia baba aendelee kupanda. Juu kulikuwa na miti na upepo mdogo usio na ladha yoyote. Waliweka kiti chini, na tukasimama sote tukitazama mabega ya Ntumba, watu wazima kwa watoto, adui na rafiki, mpaka yakaanza kushuka taratibu. Jua lilikuwa limekwisha kuzama aliposema anataka kitumbua.

Tangu siku hiyo mpaka mvua ya kwanza, baba na Ilunga walimpandisha kila walipotoka zamu. Mvua ikaja, ikapiga mabati usiku mzima, na mama akatoka akasimama chini yake na nguo zake. Ningependa kuishia hapo. Lakini katika wiki zile zile za mvua Mama Kabedi alijifungua, na mtoto akapata homa akafa. Mama alikwenda kwenye matanga na unga wake kama wengine. Mama Kabedi hakupokea. Alisema mbele ya watu wote, bila hata kuinua sauti: “Kulikuwa matanga moja ya kulipa. Yeye alikataa. Miye njo nililipa.”

Kwetu wanaamini kilio kikishaliliwa kinadai maiti. Hakuna aliyetutupia jiwe. Waliacha tu kununua vitumbua. Waliacha kumpa mama watoto wao awashike, walihamisha ndoo zao bombani akija. Baba mkubwa hakula tena nyumbani kwetu hadi kufa kwake. Ndiyo maana niliacha shule: mama hakuwa na wateja, mimi nikabeba beseni kwenda kuuza Kikula ambako hawakutujua, na mengine unayajua, uliza duka langu. Baba alisimama naye, hilo nalisema kwa sifa. Lakini mama alipofariki, na aliishi mpaka nilipokuwa na lori la kwanza, nilikodi viti na mahema kwa ajili ya watu wa Shituru, na nikakaa kwenye mkeka nikitazama viti vitupu.

Ntumba yuko hai. Ni mwalimu hapa Likasi, ana watoto wanne na sauti ya kumtisha mkaguzi. Kile kilima cha njia ya Kamatanda leo ni mashimo matupu, miti imekwisha, na malori yangu hupita pale mchana kutwa yakitimua vumbi jekundu. Mtu wa Shituru akiniuliza leo ampeleke mtoto wake juu wapi, sina pa kumwonyesha. Mwaka jana ule mlango ukaanza kulia tena kifuani mwa Ntumba, na mimi nikasema basi, tunakwenda kulekule kwenye picha ya masela. Sisemi visa na tiketi vilikula kiasi gani, watu wa Kikula wanapenda kuzidisha. Tuliufikia mji ule kwa treni ndogo: barabara moja, maua, mabenchi, kilima cheusi. Ni mdogo kweli. Mchana ulinyamaza mpaka nikasikia saa yangu ya mkononi. Kwenye baraza moja tulikuta wazee wamelazwa mstari mzima kwenye viti virefu, wamefungwa mablanketi, macho yamefumbwa, na watu wanapita kando yao wakila aiskrimu. Ntumba alishika mkono wangu akacheka mpaka akakohoa. “Yaya,” akasema, yaani kaka, “kwetu bangelia mupaka bachoke.”

Alipumua vizuri kule, ukweli niuseme. Siku ya kuondoka, mama mwenye nyumba ya wageni aliniletea karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chumba, nikalipa. Ya pili nikamwuliza ni ya nini. Akaeleza taratibu, kwa Kifaransa kibovu kama changu, kwamba hiyo si yake, ni ya mji: kila mgeni analipia kila siku njia, mabenchi na hewa. Nilimwambia mimi ni mfanyabiashara, nimeuziwa kila kitu lakini hicho bado. Nikamwambia hewa sisi tulikuja nayo kifuani. Nilianza kumwomba apunguze, na nilikuwa naelekea kushinda, maana alishaanza kuona haya, wakati Ntumba alipoweka mkoba wake chini.

“Yaya, lipa,” akasema. “Mama alilipa mingi kupita hii.”

Nilitoa pochi. Watu wawili, siku kumi na moja: euro hamsini na tisa na senti arobaini.